Mpaka Jumatatu

Siku ya Alhamisi Fradel Glantz alimwomba daktari ampangie mwanawe kuugua Jumatatu. Hakusema hivyo, maana ni mwanamke mwenye adabu zake, lakini ukiziondoa adabu hizo, ombi lilikuwa ndilo hilo.

"Siku nne tu, daktari. Kesho jioni Sabato inaingia, na Jumapili tuna shughuli ya kifamilia. Jumatatu asubuhi, hata koti hujavua, utatukuta mlangoni."

Daktari Ostrow alivua miwani akaiacha ining'inie shingoni kwa kamba yake. Alikuwa mama mfupi, mtaratibu, na siku hiyo utaratibu ulikuwa unamwishia.

"Bi Glantz, vipimo tumevirudia. Wiki kumi na mbili zimepita katikati na majibu ni yale yale. Kinga ya Hinda imekuwa ikiuchoma utumbo wake miaka minane, hilo mnalijua. Sasa limekuja la pili. Mwili wake unatengeneza kingamwili zinazomgeuka mwenyewe, zinazofanya damu igande ndani ya mishipa bila sababu. Huwatokea baadhi ya watu wenye huo ugonjwa wake wa utumbo, Crohn. Bonge la damu likipanda kwenye mapafu, hatutakuwa na muda wa kuzungumza kama hivi."

"Si zipo dawa za kuilainisha damu? Tupe tukamchome nyumbani. Mdogo wake anajua kuchoma sindano kuliko manesi."

"Utumbo unavuja. Nikiilainisha damu, atavuja zaidi. Nisipoilainisha, itaganda. Ndiyo maana namtaka kitandani, mbele ya macho yangu, nianze kidogo kidogo. Leo."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kitanda cha uchunguzi akibembeza miguu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na uzito wa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Kwa hiyo damu yangu inagombana yenyewe kwa yenyewe," Hinda alisema. "Daktari, hiyo mbona ni damu ya Kiyahudi halisi. Peleka sinagogi lolote mtaani kwetu, utaona."

Daktari alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuchekeshwa.

"Na huyo mdogo wake naye mleteni apimwe. Mara nyingine ndugu mzima kabisa, asiyeumwa popote, anakutwa na kingamwili hizo."

Hapo Fradel alikunja uso. "Huyo muache. Huyo hana kitu." Alikuwa anaiwaza karatasi. Kipimo kina karatasi, karatasi ina jina, na jina likishaandikwa mahali haliko mikononi mwako tena.

Hinda ndiye aliyekata maneno. Aliomba kalamu. "Mimi mtu mzima na mgonjwa ni mimi. Nasema Jumatatu." Akatia saini kwamba amekataa kulazwa. Daktari alimsimamia juu ya kichwa mpaka alipomaliza.

"Mguu ukivimba, au kifua kikabana, hamngoji. Hamnipigii mimi. Mnaita gari la wagonjwa dakika hiyo hiyo. Nimeeleweka?"

"Hilo wala lisikutie shaka," Fradel alijibu, na ulikuwepo hata ufahari kidogo katika sauti yake. "Mtaani kwetu gari la wagonjwa hufika kabla hujakata simu."

&nbsp;

Na alisema kweli. Borough Park, ule upande wao wa Brooklyn, watu wana magari yao wenyewe ya wagonjwa, na wanaoyaendesha ni majirani waliojitolea: muuza samaki, fundi wa mabomba, mwalimu wa watoto. Mmoja wao, Hershel, alikaa ghorofa ya chini yao hasa, redio kiunoni mchana na usiku. Mke wake aliitwa Blimi. Blimi alikuwa mwema, angekupa hata sufuria yake ya mwisho, ila neno halikuwahi kulala ndani yake.

Shughuli ya Jumapili ilikuwa ya Yitta, mdogo wa Hinda, miaka kumi na tisa. Posa yake ilikuwa imetoka kwa kina Perlstein, watu wa heshima na ukoo wenye majina. Kijana aliitwa Nuchem. Walikuwa wameonana mara mbili sebuleni, mlango ukiwa wazi nusu, na Yitta alitoka mara ya pili mashavu yamemwiva. Jumapili saa moja jioni mama wa pande zote mbili wangeshika sahani moja na kuivunja pamoja, ndiyo desturi ya kufunga uchumba, na baada ya hapo mambo yangekuwa yamekwisha. Sahani ikishavunjika hairudishwi.

Kabla ya kuvunja, watu huuliza. Huuliza kwa mwalimu, kwa jirani, kwa muuza nyama. Je, mama anapiga kelele? Je, kwenye ukoo kuna ugonjwa? Dada mgonjwa si dada tu katika mitaa hiyo, ni doa kwenye posa za wote wanaomfuata, na nyuma ya Yitta walikuwepo ndugu watatu wa kiume. Kwa hiyo kwa miaka minane Hinda hakuwa mgonjwa. Alikuwa na tumbo jepesi. Vidonge vyake vilikaa kwenye chupa ya vitamini, na makaratasi ya sindano Fradel aliyatupa kwenye pipa la mtaa mwingine, akitembea nayo ndani ya mkoba kama mwizi. Hospitali walichagua ya ng'ambo ya daraja, Manhattan, ambako hakuna mtu angewaamkia kwenye lifti.

Ijumaa asubuhi mshenga alipiga simu. Huyu alikuwa Bi Pessel, mwanamke mwenye sauti ya kuku aliyetaga.

"Fradel, mpenzi wangu, kila kitu ni asali. Bi Toltza, mama wa kijana, ana kiswali kimoja tu kimembakia. Wala si swali."

"Uliza."

"Anauliza, huyu mkubwa, Hinda. Mzuri, mwerevu. Mbona bado yuko nyumbani? Anasema umjibu kwa moyo mweupe, yeye si mtu wa kutisha."

Fradel alikuwa anakuna viazi. Hinda alikuwa mezani pale pale mbele yake, amejifunika shali, anamenya karoti moja kwa robo saa. Fradel alimwangalia, kisha akageukia dirisha.

"Anachagua sana," alisema kwenye simu. "Unawajua wasichana wa siku hizi. Huyu mfupi, yule hana akili. Anaringa."

Simu ilipokatika, Hinda aliweka kisu chini.

"Ninaringa," Hinda alisema. "Mama, ungesema basi nimekataa mwana wa rabi. Kama ni kuringa, niringe kwa kiwango."

"Usinichekeshe, mwanangu. Moyo unaniuma."

"Na mimi tumbo. Tuko sawa." Akaendelea na karoti yake.

&nbsp;

Ilikuwepo desturi moja bado, na hiyo Fradel aliiogopa kuliko maswali ya Bi Toltza. Mdogo hampiti mkubwa kwa ndoa hivi hivi. Lazima amwendee, amwombe ruhusa kwa kinywa chake, na mkubwa amsamehe kwa kinywa chake. Bila hivyo ndoa ya mdogo huanza na kidonda.

Ijumaa hiyo hiyo alasiri, mishumaa ya Sabato ikiwa tayari imepangwa lakini haijawashwa, baba yao alisimama kwenye mlango wa chumba cha wasichana. Usher Glantz aliwafundisha alfabeti watoto wa miaka mitatu, na mwenyewe alikuwa na macho ya mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa ameshaanza kulia kabla mtu hajafungua mdomo. Fradel alimshika mkono wa koti asiondoke. Yitta alipiga magoti kando ya kitanda cha dada yake, ingawa hakuna aliyemwambia apige magoti.

"Hinda. Naomba... naomba unisamehe kwamba nakupita."

"Sikusikii."

"Naomba unisamehe kwamba nakupita."

"Sasa nimekusikia. Nilitaka tu uniombe mara mbili, maishani mwako hujawahi kuniomba kitu kwa adabu." Hinda alimvuta nywele. "Nimekusamehe. Kwa moyo wote. Lakini nina masharti. Vyote nisivyoruhusiwa kula siku ya harusi, utavila wewe. Karanga, kabichi, ngozi ya kuku. Vyote. Na utanisimulia kimoja kimoja."

"Nitapasuka."

"Upasuke. Na mtoto wa kwanza wa kike hutampa jina langu, maana majina ni ya marehemu na mimi niko hai na bado nitakusumbua."

Yitta alicheka na kulia kwa pamoja, kichwa chake kikiwa kwenye magoti ya dada yake. "Nitakaa na wewe Jumatatu hospitali," alisema. "Nitamwambia Nuchem nina kazi."

"Utamwambia Nuchem nini? Kwamba unaenda kusuka mikate ya Sabato siku nne?"

Fradel alitoka haraka akaenda kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alimpenda Hinda kuliko wanawe wote, na hilo alijikataza hata kuliwaza, kwa sababu mtu anayempenda mmoja hivyo angefanyaje haya aliyokuwa anayafanya? Alijiambia anafanya kwa ajili ya wote. Alijiambia Jumatatu si mbali. Jumatatu angempeleka, angelala sakafuni pembeni ya kitanda chake, angekaa mwezi mzima ikibidi.

&nbsp;

Jumapili saa tisa alasiri keki zilikuwa zimeshafika na sahani ya kuvunjwa imeshafungwa kwa kitambaa cheupe. Yitta na baba yake walikuwa wamekwenda ukumbini na wavulana kupanga viti. Fradel alikuwa mbele ya kioo, pini mdomoni, anaweka sawa wigi lake, Hinda alipomwita kutoka chumbani.

"Mama. Usipige kelele."

Alikuwa amefunua blanketi. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba toka gotini hadi kwenye vidole, umewiva na kung'aa, na wa kulia uko vile vile, mwembamba kama siku zote. Fradel alizitema pini.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri kulikuwa kunabana. Nilidhani nimelala vibaya."

"Hukudhani."

"Sikudhani," Hinda alikiri. "Nilitaka tu ipite saa moja. Sahani ivunjike. Lakini sasa na hapa pia panabana kidogo." Akaweka kiganja kifuani.

Fradel alikuwa ameshika simu. Namba ya gari la wagonjwa kila mtoto wa mtaa ule anaijua kabla ya kujua kuhesabu. Kidole chake kilikuwa juu ya tarakimu ya kwanza.

"Hershel yuko chini, Mama," Hinda alisema. "Nimesikia redio yake."

"Hershel ana mke."

Hinda alivuta blanketi juu ya mguu.

"Mwanangu, litasimama hapa mlangoni na taa zake. Watu sita wataingia na mifuko. Dakika kumi baadaye mtaa wote unajua, na kabla ya sherehe Toltza naye anajua. Na wakikupeleka, watakupeleka hapa karibu, hawakujui, hawajui damu yako. Daktari wako yuko ng'ambo. Kwa teksi ni nusu saa. Jumapili barabara ni nyeupe." Aliyasema yote hayo kwa pumzi moja, na la mwisho, la daktari, lilimpa nafuu, kwa sababu lilifanana na akili. "Unaweza kutembea mpaka kwenye kona? Kona tu. Tukiita teksi hapa nje wataiona."

"Naweza," Hinda alisema. "Kona tu."

&nbsp;

Dereva alikuwa Mhaiti mwenye umri, na kwa kioo chake alimwona msichana kabla hata hajaingiza gia.

"Mama, huyu mtoto mgonjwa. Niite msaada?"

"Endesha tu. Nitakuongezea ishirini."

Barabara hazikuwa nyeupe. Njia moja ya darajani ilikuwa imefungwa, mafundi wanamwaga zege, na magari yamekaa yamegusana kama maharage kwenye ganda. Hinda alikuwa ameegemea bega la mama yake. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi, za juu juu.

"Saa ngapi, Mama?"

"Kumi na robo. Usiongee."

"Utawahi. Ukiniacha tu na Daktari Ostrow, urudi."

"Siendi popote mimi."

"Utarudi," Hinda alisema, na ilimchukua muda kulimaliza. "Lazima sahani ishikwe na mama wawili. Yitta atavunjiwa na nani?"

Kisha akasema anasikia baridi. Fradel alivua koti lake akamfunika, akamsugua mikono, akamsomea zaburi sikioni, ile anayoijua kwa moyo, akaikosea, akaianza upya. Mara ya tatu aliona kwamba anamsomea mtu asiyesikiliza. Alipiga kelele. Dereva aliruka nje, akapiga honi, akawapigia yowe watu walio mbele, akapiga simu, akarudi akamlaza Hinda kwenye kiti cha nyuma na kumkandamiza kifua kwa mikono yake mikubwa huku analia kwa lugha yake. Gari la wagonjwa lilitokea upande wa pili wa daraja baada ya dakika kumi na saba. Hakuna aliyeshuka humo aliyemfahamu Fradel, kama alivyokuwa ametaka.

&nbsp;

Walimzika Jumatatu.

Siku ya tatu ya matanga, vioo vikiwa vimefunikwa mashuka kwa desturi ya msiba, Fradel alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi sebuleni, kola ya gauni lake imechanwa upande wa moyo. Yitta alikaa kando yake. Wanaume walikuwa chumba cha pili na Usher. Watu waliuliza, na jibu lilikuwa limeshatengenezwa: moyo. Ghafla tu, moyo. Fradel hakukumbuka nani alilitengeneza, lilikuwepo, akalitumia.

Bi Toltza Perlstein aliingia peke yake, mwanamke mnene, mtulivu, na akaketi. Kwa desturi anayekuja kuhani hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme. Kwa hiyo alikaa, mikono mapajani, na ikambidi Fradel aanze.

"Umekuja kuvunja posa. Sema tu. Sina tena pa kuumia."

"Nimekuja kuhani, Fradel." Bi Toltza alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. "Posa ipo. Nuchem anasema atangoja mwaka, akiambiwa. Nataka nikueleze jambo, na sijui kama nafanya vizuri. Mume wangu alisema ninyamaze. Lakini nitamlea mwanao kama wangu, siwezi kuanza na uongo."

"Uongo gani?"

"Sisi tulijua."

Fradel alimtazama.

"Binti yangu Perel alilala chumba kimoja na wanao, kambi ya likizo ya milimani, ule mwaka Yitta alipokuwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia, Mama, kuna msichana anaumwa tumbo, anachafua shuka usiku. Na kila alfajiri mdogo wake anaamka kabla ya wote, anazitoa, anazifua kwa maji baridi, anamtandikia nyingine, halafu anarudi kujilaza kama hajui kitu. Miezi miwili. Hakuna aliyemwambia." Bi Toltza alikuwa anamwangalia Yitta sasa. "Pessel aliponiletea majina sita, nilipoona hili nilimwambia ayachane yale mengine. Kwa ajili ya zile shuka. Wala si kwa kitu kingine."

Yitta alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Na lile swali," Fradel alisema polepole. "Kwa nini ukauliza?"

"Nilitaka useme ili nikwambie usiogope. Nilidhani nakufungulia mlango." Aliinamisha kichwa. "Ningeuliza wazi. Mungu anisamehe, ningeuliza wazi."

Alisema maneno ya kuwafariji wafiwa, yale ambayo kila mtu huyasema, akainuka, akambusu Yitta kichwani, akatoka. Wanawake wengine walikuwa wanaingia. Mbele yao alikuwa Blimi wa chini, mkononi ana bakuli la mayai ya kuchemsha, macho mekundu. Aliliweka chini akakaa pale pale alipokaa Toltza, na yeye desturi ya kungoja ilimshinda.

"Fradel, jamani. Mtoto mzima vile. Alikuwa na nini?"

Yitta aliukamata mkono wa mama yake. Fradel aliutoa taratibu.

"Alikuwa na ugonjwa wa Crohn," alisema, kwa sauti iliyofika chumba cha pili kwa wanaume. "Tangu ana miaka kumi na minne. Utumbo ulikuwa unavuja damu. Halafu damu yake ikatengeneza kingamwili, zikamgeuka, zikawa zinamgandishia damu mwilini. Daktari alituambia Alhamisi. Alituambia mguu ukivimba tuite gari dakika hiyo hiyo. Mguu ulivimba Jumapili. Tukitoka matangani nampeleka na huyu Yitta akapimwe, na nitawaambia wote majibu yake."

Blimi alisogea mbele kitini. Neno lake lilitoka dogo.

"Jumapili? Lakini Hershel alikuwa nyumbani Jumapili. Alasiri yote. Alikuwa anakula tu, pale mezani."

"Najua alikuwepo," Fradel alisema. "Tulipofika mlangoni kwenu nilimwambia Hinda avue viatu, msitusikie."